Kikazi Moshi wiki nzima: ule nini, uone nini, na saa ngapi

Mkuu uliyeuliza kuhusu Moshi, kwamba ofisi inakutuma wiki nzima, mafunzo saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni na hutaki kuishia kuangalia TV hotelini, mi huko naenda sana kikazi kwa hiyo ngoja nikumwagie ninayoyajua.

Kwanza Moshi ni mji wa asubuhi. Watu wa semina wengi wanaenda nao kinyume, wanaamka saa moja na nusu, wanagonga chai ya hotelini ile ya soseji na tikiti, wanakimbilia ukumbini, afu jioni ndo wanatoka wanauliza eti mlima uko upande gani. Muda huo umeshafunikwa zamani. Mara nyingi Kilimanjaro uko wazi alfajiri na asubuhi mapema, jua likipanda mawingu yanajaa, ukibahatika unafunguka tena kidogo kabla ya giza. So saa 12 na robo uwe nje, tafuta sehemu ambayo maghorofa hayazibi kaskazini, utaona kilele cha Kibo chenye barafu yake (mita 5,895) na kulia kwake Mawenzi, ile yenye menomeno (mita 5,149) ambayo wageni wengi wanaipita tu wakidhani ni mlima mwingine. Ukibuku chumba waambie unataka juu, upande wa mlimani. Kama ni kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, jiandae kisaikolojia, unaweza kumaliza wiki bila kuuona vizuri.

Misosi nayo ni hivyo hivyo. Cha Kichaga chenyewe kinaliwa asubuhi na mchana, ukisubiri usiku utakutana na chipsi kuku kama mji wowote. Mtori unywe asubuhi kwa mama ntilie maeneo ya stendi au Soko Kuu, agiza na chapati, na angalia ulivyopondwa: ndizi inatakiwa iwe laini kabisa imeshikana na supu ya nyama, ukiletewa mabonge mabonge hiyo ni ndizi nyama iliyozidishwa maji, na huo wa hotelini uliojaa karoti na hoho mi siuhesabu. Mchana utakuwa na bufee ya semina, sawa, ila siku moja itoroke ukale machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, au kiburu ambacho ni ndizi na maharage. Kiburu mara ya kwanza unaweza usikielewe, ni chakula cha kushibisha mtu anayeenda shamba, hakina mbwembwe. Kuna na kisusio, supu yenye damu ya mbuzi, kama dini au tumbo havikuruhusu pita mbali. Afu mama ntilie hana mashine ya EFD, kwa hiyo kama ofisi yako inataka risiti kwenye kurejesha masurufu, hela hiyo itoe kwenye posho yako na usigombane na mama wa watu.

Jioni ukitoka ukumbini una kama saa moja na nusu ya mwanga, usiihangaikie maporomoko. Nenda soko la Memorial kama unapenda mitumba, wahi kabla hawajafunga mizigo. Au pita kwenye mgahawa wa Union unywe kahawa, ule ni wa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanza 1933, na Bodi ya Kahawa yenyewe makao yake makuu yako hapo hapo Moshi. Inachekesha maana mji wote umejengwa na kahawa ila ukizunguka mitaani watu wengi wanakunywa chai, kahawa yenyewe kwa sehemu kubwa inauzwa nje. Stesheni ya zamani nayo iangalie, reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapo 1911, na treni ya abiria kutoka Dar ilirudi Desemba 2019 baada ya kupotea miaka mingi. Msitu wa Rau uko karibu sana na mji, una mivule mikubwa na mbega, sema huo bora asubuhi.

Usiku ni nyama. Mbuzi choma au kitimoto kwa wanaokula, na ndizi za kuchoma. Chagua nyama yako mwenyewe buchani, ipimwe unaona, afu uwe na subira. Kama mko wengi apige mtu simu mapema waanze kuchoma mkiwa bado kwenye semina.

Mbege, pombe ya Kichaga, usiondoke hujaonja. Ni ndizi mbivu zilizochemshwa na ulezi uliooteshwa ukasagwa, uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Ni nzito, ina chachu, inashuka kiulaini kama uji na hapo ndo wageni wanapoangukia. Kama kesho yake una prezentesheni, kata moja inatosha.

Jumamosi sasa. Wengi watakuburuza kwenye chemchemi ya Chemka kule kwa kupitia Boma Ng'ombe, maji ni masafi kweli na ya uvuguvugu, kuogelea raha, ila wikiendi panajaa watu na muziki na barabara ina vumbi la kufa mtu. Mi ningeenda Materuni, Uru huko juu, unatembea katikati ya migomba na kahawa mpaka kwenye maporomoko, na wenyeji wanakukaangia kahawa, unatwanga mwenyewe kwenye kinu, unakunywa. Marangu pia pazuri ila kwa kupitia Himo ni mbali zaidi, itakula siku nzima. Bei kubalianeni kabla hujapanda gari, kiingilio, mtu wa kuwaongoza njia na chakula vyote vitajwe. Na kama mnatumia gari ya ofisi uliza kwanza ni ya aina gani, njia ya Materuni ni ya kupanda na mvua ikinyesha inateleza vibaya.