Kabla hujaandika sifuri: kumpima mtoto wa darasa la awali Bagamoyo

Mtoto wa miaka 5 akinyamaza baada ya swali lako, fomu nyingi zina jibu moja tu la kujaza: 0. Huenda kweli hajui. Huenda hakuelewa Kiswahili chako cha vitabuni, huenda ana njaa, au huenda kwao mtoto hajibizani na mtu mzima asiyemfahamu. Ukianza utafiti wa makuzi na elimu ya awali, jifunze kwanza kuyatenganisha haya manne.

Akikupa shikamoo macho yakiwa chini, hiyo ni heshima. Usiiandike kuwa ni kukosa kujiamini, hata kama kipimo kilichotungwa kwingine kina kipengele cha kumtazama anayezungumza. Itikia marahaba, keti naye mkekani, mpe vizibo vya soda avipange, na kwa dakika 5 hadi 10 usiulize lolote la alama. Kwenye fomu tenga namba tatu: 0 kwa jibu lisilo sahihi, 8 kwa "sijui", 9 kwa kimya. Msaili mmoja akiwa na 9 nyingi kuliko wenzake, mchunguze yeye kabla ya watoto.

Pima kati ya saa 2:30 na saa 4 asubuhi; shule isiyo na uji, baada ya hapo unapima tumbo. Januari uandikishaji bado unaendelea, subiri Februari. Machi hadi Mei masika hupunguza mahudhurio, na wanaokosa ni wale wa mbali, kwa hiyo sampuli yako huegemea wa karibu bila wewe kujua. Ramadhani nayo hubadilisha usingizi na mlo wa nyumba nzima: kipimo cha mwanzo kisiangukie ndani ya mfungo na cha mwisho nje yake.

Sasa msamiati, ambako wageni wengi huumia. Swali la kawaida humtaka mtoto ataje vitu vinavyonunuliwa sokoni, alama moja kwa kila kimoja, kikomo 10. Mtoto anayekaa karibu na soko la samaki la ufukweni atakuambia changu, tasi, kibua, pono, pweza, ngisi, dagaa. Msaili mmoja ataandika "samaki" na kumpa 1. Mwenzake atampa 7. Hakuna aliyekosea, mwongozo ndio haukusema. Amueni kabla ya kwenda uwandani: kila jina huhesabiwa, ila "samaki" likija baada ya changu halihesabiwi. Picha nazo zina mtego wake. Ukiondoa tufaha ukaweka embe, swali limekuwa rahisi kuliko lilivyokusudiwa, kwa hiyo lijaribu kwa watoto wapatao 30 walio nje ya sampuli. Kisha wasaili wawili wampe alama mtoto yuleyule bila kunong'onezana. Kapa, yaani kipimo cha kukubaliana kwao baada ya kuondoa kunakotokea kwa bahati tu, ikiwa chini ya 0.7, rudini mafunzoni. Asilimia ya kukubaliana peke yake hudanganya, maana swali ambalo karibu kila mtoto analipata litawapatanisha hata wasaili wazembe.

Umri uandike kwa miezi, kutoka kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa. Daftari la mahudhurio halitoshi: darasani utakuta wa miaka 4 waliomfuata dada yao, na kwa umri huu miezi 6 ni pengo kubwa.

Nyumbani, ukiuliza "mzazi wa mtoto ni nani" utaitiwa mama, hata kama anayelea ni bibi. Uliza nani alimwogesha na kumlaza jana. Na ukiuliza "unacheza na mtoto?", wengi watakataa, kwani mchezo ni wa watoto. Taja vitendo vya siku 3 zilizopita: kumhadithia, kumwimbia, kutegeana vitendawili, kuhesabu vitu pamoja. Waulizie kaka na dada pia.

Kuhusu idadi: watoto 20 katika kila shule kati ya shule 20 si watoto 400 kamili, maana wa darasa moja hufanana. Kiwango cha kufanana huko (0 ni hawafanani kabisa, 1 ni sawasawa) kikiwa 0.15, piga 1 + 19 × 0.15 (19 ni watoto wa shule moja ukitoa mmoja), unapata 3.85, gawanya 400 kwa hiyo, zinabaki taarifa za watoto 104 hivi. Shule 40 zenye watoto 10 kila moja hukupa 170. Nauli itapanda. Lipa.

Vibali ni foleni tu: barua ya chuo, Katibu Tawala wa Mkoa kule Kibaha, halmashauri, kata, mwalimu mkuu. Beba nakala za kutosha. Hakuna muhuri hata mmoja kati ya hiyo unaoziba nafasi ya ridhaa ya mlezi, ambayo asiyeandika huitoa kwa dole gumba mbele ya shahidi. Mtoto naye ana lake: akisema anataka kurudi darasani, mrudishe, andika saa na swali mlipoishia, na pipi ziache mfukoni.