Kumi kwa kipeo au kumi kwa kipeuo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu alikuwa anabadili umbali wa Jua kutoka duniani kuwa kilomita, kalkuleta ikamwandikia 1.496E8. Mimi nilisoma sekondari kwa Kiingereza, nikakwama kumsomea. Nikasema “kumi kwa nguvu ya nane”, jirani akanisahihisha eti ni “kipeuo cha nane”. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Hakuna, ila jirani amekosea kwa herufi moja tu. Neno ni kipeo. Kipeo cha pili cha 5 ni 25. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Kimoja kinapandisha, kingine kinarudisha. Mimi hukumbuka kwa funga na fungua: hiyo “u” iliyoongezeka ndiyo inayofungua. “Nguvu” tuiachie fizikia, ina kazi za kutosha huko.

Kwa hiyo ile E ya kikokotoo (siyo kile cha mafao ya wastaafu, jamani) isomwe hivi: moja nukta nne tisa sita, mara kumi kwa kipeo cha nane. Angalia, baada ya nukta tunataja tarakimu mojamoja. Anayesema “moja nukta mia nne tisini na sita” anaifanya sehemu ya desimali ionekane namba nzima, halafu mtoto anaamini kuwa 1.496 ni kubwa kuliko 1.5, kwa sababu mia nne na kitu inaishinda tano.

Sasa mwambie mdogo wako airushe nukta nafasi nane kwenda kulia. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanabandika sifuri nane. Nane ni idadi ya nafasi, si ya sifuri. Nafasi tatu tayari zina wenyewe, yaani 4, 9 na 6; zilizobaki tano ndizo za sifuri. Inapatikana 149,600,000, na Kiswahili kinaisoma vizuri kuliko lugha nyingi kwa sababu tuna laki: kilomita milioni mia moja arobaini na tisa na laki sita. Sioni sababu ya kusema “mia sita elfu” ilhali laki ipo.

Kipeo kikiwa hasi, nukta inakwenda kushoto. Unywele wa mtu una unene wa karibu mita 7 × 10⁻⁵: saba mara kumi kwa kipeo cha hasi tano. Ukiirusha nukta nafasi tano unapata 0.00007. Hesabu sifuri zilizo kati ya nukta na saba: ni nne, maana nafasi ya tano imekaliwa na saba yenyewe. Ukisoma kwa sauti, zitaje zote, sifuri nukta sifuri sifuri sifuri sifuri saba, hata kama ulimi unachoka. Ukiruka moja tu, unywele umenenepa mara kumi.