Mwanangu Apewe Trei au Asubiri Kitambulisho?

Muulize Ami: safu ya maswali ya kazi za hoteli na mikahawa

*Assalam aleikum Ami. Mimi ni mzazi wa Langoni, Lamu. Binti yangu amemaliza kidato cha nne juzi, ana miaka 17 na miezi minane. Hoteli moja ya Shela imemwita awe weita msimu huu. Wageni wa pale hula na mvinyo mezani. Ami yake, ndugu ya marehemu mume wangu, amekataa kabisa, asema ni haramu. Mwenye hoteli naye asema, "Ni kubeba trei tu mama, chupa hagusi." Nyumbani pesa hakuna, sitakuficha. Serikali inasemaje? Na akitimiza 18, je, nimwache aende? Nachelea na ile njia ya usiku. — Mama wa Langoni*

Waleikum salaam dada yangu. Ya halali na haramu namwachia huyo ami yake. Ile hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe, akiwemo mwenye kuibeba na mwenye kuwanywesha watu, bila shaka anaijua. Mimi sina uso wa kuwatolea watu fatwa, maana nimewamiminia wageni mvinyo katika hoteli za Malindi mpaka mvi zikanitoka, ingawa tone halijapita kooni mwangu. Wako masheikh Lamu, tena wengi, waulizeni wao. Mimi nakujibu ya serikali.

Kwa sasa jibu ni hapana. Tuna Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo sisi wa baa mpaka leo twaiita sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati ule aliyeipigania. Kifungu cha 24 chamkataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali vileo vinapotengenezwa, vinapowekwa au vinaponywewa. Maneno ni "kuingia". Chupa aguse asiguse, hilo halikuulizwa. Ukumbi ambao mgeni amekaa na samaki wake na glasi ya mvinyo ni mahali vileo vinaponywewa. Kaunta ni hivyo hivyo, na stoo ya makreti pia. Sasa atabeba hiyo trei kutoka wapi kwenda wapi?

Anayehatarisha leseni yake hapo ni mwenye hoteli. Na mtu wa biashara hiyo hakosi kulijua hili. Ni jambo la kwanza kabisa watu wa leseni wa kaunti kuliangalia wakija na vitabu vyao. Ikiwa analijua na bado anakuletea maneno ya "trei tu", basi mimi ningeanza kujiuliza atakuwaje siku ya kulipa mshahara.

Utamsikia mtu akikwambia Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kijana wa miaka 16 kuajiriwa. Ni kweli, mradi kazi isiwe ya kumdhuru. Lakini ruhusa ya kufanya kazi si ruhusa ya kuingia baa. Hoteli hiyo ikitaka kumsaidia kikweli, ina dobi, ina bustani, ina ofisi ya kupokea simu. Hata kutandika vitanda, isipokuwa uliza kwanza kama vyumbani mna friji ndogo zenye chupa. Nimeona wasichana wadogo wakitumwa kuzijaza friji hizo asubuhi na hakuna aliyefikiri kuwa hiyo nayo ni kazi ya pombe.

Nakujua utaniambia, "Ami, miezi minne si kitu, mwache aanze." Shida ni kwamba hiyo miezi minne ndiyo msimu wenyewe. Atatimiza 18 wakati mvua za masika zimeingia, kusi limeanza, na hoteli nyingi za Lamu na Malindi zimefunga milango mpaka Julai. Ni hasara, nami siipunguzi. Ila wakati huo anaweza kuutumia. Akate cheti cha afya cha wanaoshika chakula, ambacho kila baada ya miezi sita hufanywa upya. Akifika hoteli nacho mkononi atawapita wengi. Akajifunze Kiitaliano pia. Kiingereza kila mtu anacho, lakini pwani hii, hasa huku kwetu Malindi, msichana anayeweza kumuuliza mgeni kwa Kiitaliano kama anataka samaki wake wa kukaanga au wa kuchoma haombi kazi, anaombwa. Na siku ile ile anayofika 18 akajiandikishe kitambulisho. Akiwa bado na ile karatasi ya kungojea, aandamane na cheti cha kuzaliwa.

Sasa akishafika 18. Kisheria njia iko wazi: ataingia, atahudumu, hata kaunta atasimama. Na hapa ndipo mimi naanza kuwa na wasiwasi kuliko ami yake, maana karatasi za serikali zimekwisha na yaliyobaki hayaandikwi popote.

La kwanza ni hiyo njia ya usiku uliyoitaja. Kutoka Shela hadi Lamu mjini ni kama kilomita tatu za ufuoni, na maji yakijaa kuna mahali pa kupita panamezwa. Chakula cha jioni kikianza saa mbili, weita hatoki kabla ya saa tano. Muulize mwenye hoteli: mashua ya kumrudisha nani ataikodi? Swali hili liulizwe kabla ya mshahara kutajwa, na jibu liingie kwenye mkataba. Hoteli zenye akili zina boti ya wafanyakazi, au zina chumba cha kulala wasichana. Isiyokuwa na kimoja katika hivyo viwili, mimi binti yangu asingekwenda, hata angekuwa na miaka 30.

La pili ni mikono ya watu. Sheria ya Ajira, kifungu cha 6, inakataza unyanyasaji wa kingono kutoka kwa mwajiri, mwakilishi wake au mfanyakazi mwenzake, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na taarifa iliyoandikwa juu ya jambo hilo. Aiombe aisome. Mgeni naye akimshika pasiposhikwa, iko Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na haibagui wa kulipa kwa yuro. Lakini usiku ule ule, kabla ya sheria yoyote, kinachomlinda weita ni msimamizi wake: aweze kumwendea na kusema "ile meza sirudi", na apelekwe mwanamume bila maswali wala kununiwa. Nilipokuwa nasimamia ukumbi sikuwa na kanuni niliyoishika kwa nguvu kuliko hiyo. Mwambie amtafute msichana anayefanya kazi pale sasa hivi, waongee wawili pembeni. Huyo atamwambia ukweli ambao mwenye hoteli hatakwambia wewe.

La tatu, asikubali "kununuliwa" kinywaji na mgeni, hata soda. Aseme yuko kazini. Basi.

*Ami, shikamoo. Niko Malindi, nina miaka 23, nasimama kaunta ya baa moja mjini. Mshahara wangu ni elfu 18. Mwezi uliopita nilikatwa elfu 14: kreti mbili za bia hazikuonekana, na meza moja ya wateja walitoroka bila kulipa. Bosi anasema shoti, yaani upungufu wa hesabu, ni ya barmeni. Mkataba sina, tulikubaliana kwa mdomo. Nina haki yoyote? — Mlipa Shoti*

Marahaba kijana wangu. Unayo, tena kubwa kuliko unavyodhani.

Anza na hesabu. Sheria ya Ajira, kifungu cha 19, haikubali makato yote kwa jumla yazidi theluthi mbili ya mshahara. Theluthi mbili ya elfu 18 ni elfu 12. Yeye amekata 14. Hata kama kreti zile ungekuwa umezinywa wewe mwenyewe, elfu mbili hizo tayari ni zako.

Kisha ingia ndani zaidi. Mali ikiharibika au kupotea, kifungu hicho hicho chataka iwe ni kwa makusudi yako, na akate kiasi cha haki. Pesa zikipungua, anaweza kukata ikiwa ni kwa uzembe au udanganyifu wako, na ikiwa mkataba wako umesema waziwazi kwamba wewe ndiye uliyekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Sasa bosi wako atauonyesha wapi mkataba huo na hajakuandikia? Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandika ni jukumu la mwajiri. Mkifika mbele ya hakimu bila karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye.

Wateja waliotoroka, hao mimi siwaiti shoti. Bosi alipaswa kuwa na mlinzi mlangoni.

Usikimbilie kushtaki lakini. Mwandikie barua fupi, bila matusi, utaje tarehe na kiasi, ubaki na nakala. Akinyamaza nenda kwa afisa wa kazi. Huko husikiliza bila wakili. Kama kuna mwakilishi wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, karibu nawe, mwone. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi nayo ina kituo hapo hapo Malindi, na una miaka mitatu ya kudai, kwa hiyo hukimbizwi. Kuanzia leo, kila zamu ikibadilishwa hesabuni chupa wawili, mtu atie sahihi na mwenzake atie sahihi, upige picha ya daftari kwa simu. Barmeni anayepokea kaunta bila kuhesabu analipa madeni ya aliyemtangulia.

Na neno la pembeni, kwa sababu nawajua mabosi wa namna hii. Kwa sheria ile ya 2010, baa ya kawaida huuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na wikendi na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Akikuweka kaunta mpaka saa tisa za usiku, polisi wakija hawamkuti yeye. Wanakukuta wewe.

*Shikamoo Ami. Nina miaka 19, ni weita Malindi. Nimesikia serikali imepandisha umri wa pombe hadi 21. Nitafukuzwa? — Bado Niko Kazini*

Marahaba mwanangu. Hufukuzwi kwa hilo. Ulichosikia ni sera ya taifa iliyozinduliwa Julai 2025, yenye pendekezo la kupandisha umri kutoka 18 hadi 21. Ilizua kelele nyingi, na NACADA wenyewe, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ikabidi wafafanue kwamba sera si sheria. Sheria hubadilishwa Bungeni, na mpaka ibadilishwe 18 ndiyo 18. Siku muswada utakapoletwa, soma kama unamgusa mnywaji peke yake au na mhudumu, maana hayo ni mambo mawili. Huko New York nchini Marekani, kwa mfano, kijana wa miaka 18 haruhusiwi kununua bia mpaka atimize 21, lakini kuihudumia mezani anaruhusiwa. Bosi akikutoa kwa kisingizio hicho kabla ya sheria kubadilika, mwombe akupe sababu kwa maandishi, uione itakavyomtoka kalamu.

*Ami, sisi wa Ganda twagema mnazi na kuuzia nyumbani. Mdogo wangu ana miaka 14, akitoka shule huwapelekea wateja mboko (vibuyu vya mnazi) na mirija. Huu ni utamaduni wetu, si baa. Kuna ubaya? — Mwana wa Mgema*

Upo. Sheria ya 2010 ilivileta vinywaji vya kienyeji chini ya leseni pamoja na bia, kwa hiyo mangwe ya babako, hapo mnapouzia mnazi, na baa ya mjini ni kitu kimoja machoni pa kaunti. Mahali watu wanapokaa kunywa, mtoto wa miaka 14 hana kazi pale. Muulize na babako kama leseni anayo, na kama shule iko mbali zaidi ya mita 300, kwa sababu ndani ya mita hizo, leseni haitoki. Mboko zibebe wewe ikiwa umepita 18. Mdogo wako akirudi kutoka shule aanze na madaftari, na kama ni lazima asaidie, kuna nazi za kufua na makuti ya kusuka. Juu ya mnazi asipandishwe.