Jibu: Huyo jamaa hakuacha kupenda kwa hiari

Ndugu, umeuliza kwa nini wimbo "He Stopped Loving Her Today" wa George Jones, mwimbaji wa kantri (muziki wenye asili ya mashambani Marekani), unawaliza watu, ilhali jina lenyewe linasema jamaa kaacha kupenda. Mtego uko hapo hapo. Alimwambia mwanamke atampenda mpaka kufa. Siku anayoacha ndiyo siku aliyofariki.

Sikiliza tena taratibu. Picha ya mwanamke ipo ukutani, barua za mwaka 1962 zipo kando ya kitanda, na kila palipoandikwa "nakupenda" kapiga mstari mwekundu. Baadaye linawekwa shada la maua mlangoni, ishara ya msiba. Wengi hulipita hilo shada bila kushtuka, hata mimi nililipita mara ya kwanza. Kisha Jones anaacha kuimba, anasema tu kwa sauti ya kawaida kwamba mwanamke kaja kumwona mara ya mwisho. Hapo ndipo koo hukaba.

Waliotunga ni Bobby Braddock na Curly Putman. Jones mwenyewe aliona una majonzi mno, hautauzika. Mwaka 1980 ukashika namba moja kwenye chati ya kantri ya jarida la muziki la Billboard huko Marekani. Usiusikilize ukiendesha gari usiku.