Nuru mwanangu, kuhusu ule ukuta wa ukumbi wenu

Nuru mama yangu,

Meseji yako nimeisoma na kuirudia, nikaona bora nikuandikie, maana kwenye simu nikianza kuongea mama yako anadakia na hatufiki mwisho. Umeniuliza hivi: kamati ya mapambo imekukabidhi hela ya ukuta wa ukumbi mpya wa kanisa lenu hapo Minneapolis, nusu ya vijana wanasema nendeni Hobby Lobby, lile duka la mapambo na vifaa vya sanaa, kwa sababu ni la Wakristo wenzetu, nusu nyingine wanasema lisusiwe kabisa, na wewe unataka baba yako, msanii na mtu wa kanisa, aseme ndio au hapana. Nimekusikia. Ila unanijua, lazima nizunguke kwanza.

Hao wanaosusia wengi wao wanaanza na ile kesi ya tarehe 30 Juni 2014, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua, majaji watano kwa wanne, kwamba kampuni ya familia kama Hobby Lobby isilazimishwe kulipia kwenye bima ya wafanyakazi wake njia nne za uzazi wa mpango ambazo wenye kampuni waliamini zinakatisha uhai ambao umeshaanza. Sikukuu ya Thanksgiving ya mwaka ule unaikumbuka, shangazi Eli na mama yako hawakusemeshana mpaka vyombo vikaoshwa, mmoja anasema dhamiri ya mtu haiachwi mlangoni mwa biashara na mwingine anasema dhamiri ya bosi isiingie chumbani kwa mfanyakazi. Mimi niliwaelewa wote wawili na mpaka leo nawaelewa wote wawili, ndo maana hapo sikai sana.

Kitu kinachonikaa mimi rohoni ni ule udongo. Mwaka 2010 kampuni ilinunua vitu vya kale zaidi ya 5,500 vyenye asili ya Iraq kwa dola milioni 1.6, vibao vya udongo vyenye maandishi ya zamani kabisa, mihuri, vitu vya namna hiyo, na maboksi mengine yakaingia nchini yameandikwa kwamba ndani kuna sampuli za vigae. Sampuli za vigae, Nuru! Mtu miaka elfu kadhaa iliyopita alikaa chini, akakanda udongo, akaubonyeza na kijiti alama moja moja, kazi ya mikono yake ikadumu kuliko wafalme wote wa zama zake, halafu sisi tunaosema tunaipenda Biblia tunaipitisha forodhani kama kitu cha kubandika bafuni. Mtaalamu wa sheria za mambo hayo alishawaonya kabla ya kununua. Mwaka 2017 wakakubaliana na serikali, wakatoa dola milioni 3 na kurudisha vitu. Na hapo katikati, 2014, walishanunua kibao kingine chenye kipande cha hadithi ya kale ya mfalme Gilgamesh kwa dola milioni 1.67, nacho kikakamatwa, kikarudi Iraq 2021.

Sasa nisiwe mtu wa upande mmoja. Walisema walikuwa wageni kwenye biashara ile na hawakujua taratibu zake, na mgeni hukosea kweli. Na ile makumbusho ya Biblia pale Washington, iliyofunguliwa 2017 na ambayo familia hiyohiyo ndo iliyoianzisha, iliwaita wapelelezi yenyewe wavichunguze vile vipande vyake 16 vilivyodaiwa kuwa vya magombo ya kale ya Bahari ya Chumvi, na mwaka 2020 ikatangaza hadharani kwamba vyote ni feki. Vyote. Kuna makanisa nayajua mimi yasingetangaza hata kimoja.

Halafu kuna mambo yao ambayo siwezi kuyadharau hata ukinikaba. Jumapili wanafunga. Wewe ulikuwa mdogo, ila mama yako anajua ile miaka ya ghalani nilivyokuwa natoka zamu kengele za ibada zikiwa zimeshaisha kitambo, nakuta mmerudi, wewe bado una nguo za sandeskuli, na mimi sijaimba wimbo hata mmoja tangu mwezi uanze. Tajiri anayezima taa siku nzima yenye wateja wengi ili mtu wa kaunta akae na familia yake, huyo nampa heshima yake. Na mshahara pia, mwaka 2022 kima chao cha chini kwa wa kudumu kilikuwa dola 18.50 kwa saa, kwenye biashara ya maduka hiyo sio ndogo. Na yule mzee David Green, mwanzilishi wa duka, mwenyewe alianza 1970 kwa mkopo wa dola 600, anatengeneza fremu ndogo za picha nyumbani, ndo 1972 akafungua kaduka Oklahoma City, leo ni maduka zaidi ya 1,000. Mtengeneza fremu! Yaani ni mtu wetu kabisa huyo, alianza na mbao na gundi.

Ndo hapo sasa moyo wangu unapogoma, na hapa utanisamehe, wimbo huu umeusikia tangu tunaishi kwenye ile apatimenti ya ghorofa ya tatu: mtu wa kwanza kwenye Biblia ambaye Mungu mwenyewe kwa kinywa chake anamtaja kwa jina na kusema nimemjaza roho yangu alikuwa fundi. Hakuwa nabii wala kuhani wala mwenye duka. Kutoka 31, Bezaleli mwana wa Uri wa kabila la Yuda, amejazwa ili afanye kazi ya dhahabu na fedha na shaba, akate vito, achonge miti. Mungu alitaka hema lake lipambwe, akatafuta mtu, akamtaja kwa jina lake na jina la baba yake. Hakuna anayetajwa kwa jina nyuma ya kile kibao cha mapambo cha dukani kilichoandikwa Blessed, yaani amebarikiwa. Ukikigeuza mara nyingi utakuta neno China, basi.

Na wewe unajua kwa nini nasema hivi, maana ulikuwepo. Ulikuwa umeshika pima maji.

Kanisa lile sitalitaja, wazee wake wengi bado wako hai na ni watu wema, walitupokea na makoti ya baridi wakati hatuna kitu. Waliniambia, ndugu, wewe unachora, tutengenezee kitu cha nyuma ya madhabahu. Unakumbuka mchoro ule, Mariamu Magdalena asubuhi ya Pasaka, lakini bustani nikaifanya kihamba cha babu yako, migomba, kahawa chini yake, mfereji wa maji unapita, na Yesu amesimama kati ya migomba kama mtu aliyekuja kuangalia kama maji yamefika, kwa sababu imeandikwa Mariamu alidhani ni mtunza bustani, na mtunza bustani kwetu anafanana na babu yako sio na mtu mwingine. Kamati wakaupenda. Mzee mmoja alilia, nilimwona kwa macho yangu. Nikanunua mbao za mwaloni kwa hela ya kodi, mama yako akanuna wiki mbili, nikapiga msasa, nikapaka praima, nikawa nalala saa nne nne kwa siku. Halafu ndugu mmoja mwenye nia njema, nasema tena nia njema, akapita dukani siku ya ofa, akakuta msalaba mkubwa tayari, wa mbao iliyochakazwa makusudi ionekane ya zamani, na vibao vitatu vya maneno, vyote kwa pamoja bei nusu, hela yote ikawa ndogo kuliko mbao zangu peke yake. Akavileta Jumamosi. Kamati wakasema tumshukuru Mungu, ukuta umepatikana, na Pasaka ni kesho.

Wakanipigia simu mimi nije na drili, maana mimi ndo fundi.

Nikaja. Nikatoboa, wewe ukashika pima maji na ulimi umeutoa nje ya mdomo kwa kukazana, nikafunga skrubu, msalaba ukanyooka kabisa. Jumapili watu wakapiga makofi. Na vile vitu bado vipo pale hadi leo, vimenyooka, nilivifunga vizuri. Zile mbao za mwaloni ndo ule "mlango" ulioko gereji ambao unaniuliza kila ukija kwa nini sijautupa. Mariamu yupo mpaka mabegani. Yesu sijamfikia.

Sasa usidhani nina kinyongo na duka. Kuna mmiliki gani alimtuma yule ndugu? Hakuna. Duka liliuza, ndo kazi ya duka. Na nikijibishana na nafsi yangu usiku, mara nyingine nashindwa mimi. Kwa mfano yule mama Mkongo tuliyempokea, aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mpaka watoto wake wakazaliwa na kukua kambini. Siku ya kumsaidia kuhamia kwenye nyumba yake ya kwanza hapa Texas, kitu cha kwanza alichoninyooshea nimtundikie hakikuwa pazia, kilikuwa kibao cha dola chache chenye Zaburi ya 23 kwa Kiingereza ambacho hawezi kukisoma. Nikamwambia mama, maneno yanasema Bwana ni mchungaji wako. Akasema najua, nimeuliza dukani. Akakigusa na kiganja kizima kama anavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Haya, nimwambie nini huyo? Eti subiri nikuchoree? Na yule aliyekikata kile kibao kiwandani huko China naye ana mikono, naye pengine ni Bezaleli ambaye hakuna aliyemuuliza jina.

Na hili la pili ndo linanisumbua zaidi. Dhahabu aliyofanyia kazi Bezaleli ilitoka wapi? Kwa Wamisri. Kutoka 12 inasema wazi Waisraeli walitoka na vyombo vya fedha na dhahabu na nguo za Wamisri. Kwa hiyo hema takatifu lilijengwa kwa mali iliyotoka kwa watu wa Farao, na hakuna mahali fundi alipoambiwa akachunguze kwanza dini ya mwenye duka. Nikifika hapo nawaona wanaosusia wamekosa hoja, na wale wanaosema "nunua kwa Wakristo wenzetu" nao wamekosa hoja vilevile, maana rangi haina ubatizo. Kisha nakumbuka vile vibao vya Iraq na yale maboksi ya vigae, nasema hapana, mali ikitoka mikononi mwa mtu bila haki ina kilio ndani yake, nabii Amosi angesema vipi. Basi narudi mwanzo.

Tena kususia hapa kwetu kumekuwa kugumu kuliko zamani. Joann, lile duka la vitambaa, imefungwa yote mwaka 2025, mama yako alipokuwa anachukua bitana za magauni ya vitenge pale bado anapasikitikia, sasa kwa maduka makubwa ya vifaa vya sanaa umebaki na Michaels na hao hao Hobby Lobby, au uagize mtandaoni na rangi uione kwenye skrini tu. Mimi kwao naingia, usije ukasikia kwa mtu mwingine. Nanunua brashi, kanvasi na fremu, nyimbo za tenzi zinapigwa kwa piano taratibu, yule wa kaunta anaingiza bei moja moja kwa vidole, maana kwa miaka mingi hawakutumia mashine ya kusoma alama za bei. Duka lile lina pande mbili: upande wa rangi na nyuzi na mbao tupu, na upande wa vitu vilivyokwisha kutengenezwa, vinasubiri tu msumari. Upande wa kwanza nikiingia natoka nina hamu ya kwenda gereji. Upande wa pili napita haraka.

Nilikuambia habari za Elimo Njau? Najua nilikuambia, nakuambia tena. Mtoto wa Marangu, wa Walutheri wenzetu, mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa kuu la Anglikana pale Murang'a, Kenya, picha tano kubwa, kuanzia kuzaliwa kwa Yesu mpaka msalabani, na Yesu ni Mwafrika, watu ni wa pale, vilima ni vya pale. Na hapo ni mahali palipotoka tu kumwagika damu ya Mau Mau, kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka waliouawa. Baadaye alifungua Paa ya Paa, nyumba ya sanaa, Nairobi, na neno lake kubwa lilikuwa kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Nilisimama mbele ya zile kuta nikiwa kijana, nimeshapanda basi kutoka Moshi bila ruhusa ya babu yako, na nakuambia miguu ilikataa kutoka. Mtunza kanisa alinipa kiti. Ndipo nilipojua nitakuwa nani, kabla hata sijamjua mama yako. Kanisa lile nalo lingeweza kutundika picha za kuagiza kutoka Uingereza, za bei nafuu, zenye Yesu wa macho ya bluu. Kuna mtu alikaa kwenye kikao akasema hapana, tumwite kijana achore.

Kwa hiyo unaniuliza Hobby Lobby ndio au hapana, na mdomo unaniwasha kweli, jibu ninalo na ungelipata mara moja ungekuwa mezani kwangu. Lakini kamati ni yenu, vijana ni wenu, na kuna wenzako wanne watano ambao kila mmoja ana shangazi Eli wake nyumbani, sitaki waje kusema baba Nuru alipitisha hukumu kutoka Texas. Hapo nimejizuia, uniandikie kwamba nimejizuia.

Mimi nina maswali mengine. Ukuta wenyewe ni futi ngapi kwa ngapi, ni wa jipsamu au wa tofali, na mwanga unaingia upande gani asubuhi? Yule binti wa kwaya uliyesema anachora kwenye daftari wakati wa mahubiri, kuna mtu ameshamuuliza? Na hela ya kamati ni kiasi gani, maana plaiwudi imepanda. Nijibu kabla ya Ijumaa, nina likizo mwezi ujao na gari lina nafasi ya mbao.

Baba yako