Walimkata pesa za matibabu ya mwanawe

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni nini kinachomfanya mhudumu wa afya abaki kwa mwajiri wake?" Swali hilo limenichoma. Nilianza uuguzi kabla serikali ya hapa Uganda haijafuta malipo ya wagonjwa katika vituo vyake mwaka 2001, na muda mwingi nimeutumikia katika hospitali ya misheni. Najua wengi watajibu mshahara. Mimi nakataa. Mishahara yetu ilikuwa chini ya ile ya serikali, pensheni hatuna, na bado tulibaki.

Chukueni mwenzangu wa wodi ya watoto. Ilikuwa msimu wa mvua, malaria imejaza wodi, watoto wawili hadi watatu kitanda kimoja, wengine mikekani. Wale wenye upungufu wa damu viganja vimepauka kabisa, wanahema kwa shida, na friji ya maabara haina damu. Gari limetumwa benki ya damu ya mkoa. Yeye alikuwa zamu ya usiku, na mwanawe mwenyewe amelazwa mumo humo, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Kila akipita alimgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kisha akaenda kwa wa jirani. Damu ilipofika karibu na alfajiri haikutosha wote. Daktari alianza na waliozidiwa zaidi, na wa kwake hakuwamo. Ni yeye aliyetundika mifuko ile kwa watoto wa wenzake, mmoja baada ya mwingine.

Namshukuru Mungu mtoto alipona. Mwisho wa mwezi ikaja karatasi ya mshahara, na chini kabisa mstari: matibabu ya mtoto, shilingi 62,000, zimekatwa. Hakuna aliyemwita kumwarifu, wala kumpa pole. "Dada, hebu angalia," akaniambia. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa sare, akaenda kupokea ripoti ya zamu.

Hakuondoka. Alikaa miaka mingine mingi. Wenzake tulichanga tukamrudishia pesa zile. Tulishikiana zamu mtu akifiwa, na wagonjwa walimjua mpaka sokoni. Mwajiri hakuwa na sehemu katika hayo. Kwa hiyo ningependa mngeuliza mhudumu ni mwaminifu kwa nani.

Kuna wakuu wanaostahili uaminifu huo, sikatai. Ebola ilipoingia Gulu, kaskazini mwa nchi yetu, mwaka 2000, wahudumu wa hospitali ya Lacor walikuwa wanazika wenzao, na woga ukawashika hadi wengine wakataka kuondoka. Dk. Matthew Lukwiya, aliyekuwa mkuu wao, alikaa nao akazungumza nao, akaendelea kuhudumu pamoja nao wodini, na tarehe 5 Desemba ugonjwa huohuo ukamuua. Mkuu wa namna hiyo hahitaji kumbembeleza mtu abaki.

Lakini mwenzangu mwishowe aliondoka, na hilo siwezi kulificha. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa daktari wa kawaida hadi shilingi milioni 5 kwa mwezi, na daktari wetu akaenda. Wilaya ilipotangaza nafasi za wauguzi, naye akaomba. Kifungua mimba wake alikuwa anaingia sekondari, na mapenzi yetu yasingemlipia karo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemlaumu.

Basi andikeni kwamba nami nimesema mshahara, ila msiishie hapo. Alipo sasa mshahara unaingia, lakini glavu zikiisha mama mjamzito hutumwa akanunue dukani, na yeye ndiye anayetukanwa. Kwa hospitali za misheni, ambazo najua hazina fedha za kushindana na serikali, ombi langu ni dogo: mtoto wa muuguzi atibiwe bure. Na ikishindikana kabisa, mwiteni mzazi mumweleze kabla hamjamkata.