Mtandao uko chini ya nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika ikisiri ya tasnifu yangu kwa Kiswahili. Utafiti wenyewe unahusu jinsi watu, nyaya za umeme na mitambo ya mawasiliano vinavyoungana na kutegemeana. Msimamizi wangu ameandika "mitandao migumu ya kijamii na kiufundi". Sikio langu linakataa, ila sina neno mbadala. Ni migumu, ni tata, au kuna jingine? (Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Sikio lako ni zima, lifuate. Kigumu ni chuma, ni ugali uliolala, ni maisha ya mwezi wa Januari. Wataalamu wa fani yako hawachunguzi ugumu. Chukua mfano: yupo mnyoo mdogo aitwaye C. elegans, mwenye seli za neva 302. Zilihesabiwa zote, na ramani ya jinsi zinavyoungana ikachapishwa mwaka 1986. Hata hivyo, ukiwa na ramani hiyo mkononi bado huwezi kusema kila atakachofanya mnyoo yule. Seli moja peke yake haina maajabu. Maajabu yamo katika kuingiliana kwa seli zote. Hali hiyo ndiyo tunayoiita changamano, neno ulilokutana nalo shuleni katika sentensi changamano, lenye undugu na kuchanganya na kuchangamana. "Tata" liachie magazeti. Ukiandika mtandao tata, msomaji atasubiri kusikia nani kakamatwa.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini umeutaja mtandao, na mimi nina kinyongo cha miaka mingi.

Neno limetoka kwenye kutanda. Wingu hutanda, buibui ana utando wake, na mfumaji wa zamani alikuwa na mtande wa nyuzi. Basi, asili yenyewe ni hiyo. Sasa niambie, kitu kilichotanda huwaje "chini"? Juzi nilikwenda ofisi moja kulipia huduma. Binti wa dirishani, bila kuinua macho, akaniambia: "Mzee, mtandao uko chini." Nikamuuliza, chini ya nini? Chini ya meza? Chini ya ulinzi? Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyechelewa kupelekwa kliniki. Nyuma yangu alikuwapo bibi mmoja na kikapu chake, akasema kwa upole kabisa: "Kama uko chini, mwanangu, si uuokote?" Foleni nzima ikacheka, na huduma hatukupata.

Hicho ni Kiingereza kilichovishwa kanga. Waswahili tunasema mtandao umekatika, mtandao hakuna, mtandao unasumbua. Hilo la mwisho nalipenda, maana linaufanya mtandao kama mtoto mtundu, na ndivyo ulivyo. Lakini "uko chini", na ndugu yake "umerudi juu"! Umerudi juu ya nini, ya mwembe?

Ubaya ni kwamba usemi huo ni uongo hata kwa sayansi unayoisoma wewe. Mwaka 2000 Réka Albert, Hawoong Jeong na Albert-László Barabási walionyesha katika jarida la Nature kwamba mitandao kama intaneti huvumilia sana vifundo vyake, yaani vile vitu vinavyounganishwa, vikiharibika ovyo ovyo. Ondoa kimoja hapa, kingine pale, mawasiliano yatapita njia nyingine. Ila ukivilenga vile vitovu vichache vilivyounganishwa na vifundo vingi mno, mtandao unasambaratika vipande vipande. Wavu wa mvuvi hauko hivyo, kwa kuwa kila fundo lake ni sawa na jirani yake. Ndiyo sababu siwaungi mkono wanaotaka tuuite wavu. Na tuliyaona wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Hakuna kilichoshuka chini. Mikongo yenyewe ililala chini ya bahari tangu siku ilipotandazwa, na ilifanya kazi vizuri ikiwa huko huko chini.

Limebaki hilo la "kijamii". Mwaka 1954 mwanaanthropolojia John Barnes aliandika juu ya Bremnes, parokia ya wavuvi na wakulima huko Norwei, akatumia neno la mtandao kueleza nani anajuana na nani. Simu haikuhusika. Kwetu nako, wanamtandao wa siasa za Tanzania kuelekea uchaguzi wa 2005 walikuwa watu wa kushikana mikono, si wa kubofya vitufe. Leo ukisema mtandao wa kijamii, kila mtu anafikiria Facebook. Nimepigana vita hiyo, nimeshindwa, nimekaa kivulini nanywa kahawa. Wabaki nalo. Wewe, palipo na watu, andika "mitandao ya mahusiano", na maelezo yataeleweka bila tanbihi.

Kwa hiyo kifungu chako kiwe: "Mitandao changamano ya mahusiano ya watu na ya kiufundi". Ni kirefu kidogo, lakini tasnifu hailipiwi kwa neno kama simu ya maandishi ya zamani. Msimamizi akiulilia ugumu wake, mpe salamu zangu, umwambie umeuhifadhi kwa ajili ya siku ya utetezi.